Mvuvi wa Jumamosi na Sheria ya Ziwa



Mtu atakaye kusema neno juu ya wenzake yafaa aanze kwa kuwapa heshima yao. Basi natanguliza salamu kwa ndugu zetu watumishi wa serikali wa hapa Mwanza, makarani, waalimu, waganga, wahasibu na mabwana shamba, ambao baada ya kazi ya juma zima hushika mshipi na ndoana wakaenda ziwani kupumzisha akili. Mchezo huu ni mwema. Haumgombanishi mtu na jirani yake, haumalizi mshahara kama ulevi umalizavyo, tena humfunza mtu kukaa kimya na kungoja, mafunzo ambayo ofisini hayapatikani kwa wepesi. Sikushika kalamu ili kuwazuia. Nimeishika kwa kuwa naona mchezo huu una deni juu yake, na wengi wanaoucheza hawajui kwamba wadaiwa.

Kwanza nieleze hali ilivyo, kwa ajili ya wasomaji walio mbali na ziwa. Mvuvi wa Jumamosi si mvuvi wa kazi. Mvuvi wa kazi hulala ziwani, naye ana nyavu, au mshipi mrefu wenye ndoana mamia, au taa za kuwavuta dagaa katika usiku usio na mbalamwezi. Mvuvi wa Jumamosi ana ufito mmoja, mshipi mmoja na ndoana moja. Wengine husimama juu ya majabali ya Luchelele wakatupa nyungunyungu kumtafuta satu. Wengine hukodi mashua wakaelekea upande wa Kayenze, wakiburuta nyuma yao chambo cha bandia kilichofanywa mfano wa samaki mdogo, nao hupita polepole kandokando ya miamba, maana sangara hupenda kujificha penye mawe amvizie apitaye. Na wachache wenye nafasi na fedha hufika hata kisiwa cha Rubondo, ambacho tangu mwaka 1977 ni hifadhi ya taifa. Huko nyavu za biashara zimekatazwa, kwa kuwa maji yake ni malezi ya samaki. Lakini mgeni akilipa ada na kufuata masharti ya hifadhi huruhusiwa kuvua kwa ndoana.

Katika matembezi ya miezi hii ya karibuni nimesikia na kuona mengi ya kupendeza. Nimemwona mhasibu mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, akisimama juu ya jiwe tangu alfajiri hata adhuhuri, akapata satu mmoja tu, naye akashuka pale mwenye furaha kama aliyepandishwa cheo. Nimesikia habari za mashua iliyovutana na sangara mmoja kwa muda wa nusu saa, na alipopimwa alizidi meta moja. Habari kama hizi hunoga zikisimuliwa, na Jumatatu asubuhi hupunguza uzito wa mafaili.

Walakini niliona na jambo jingine lisilopendeza. Jumamosi moja jioni mashua ya wenzetu iliingia mwaloni. Ndani ya ndoo yao walikuwamo sangara wapatao kumi na wawili, wala hapakuwa na hata mmoja aliyezidi dhiraa, yaani urefu wa mkono kutoka kiwiko hata ncha ya kidole. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona wavu wake karibu, alitazama ndani ya ndoo ile, akauliza kwa adabu kabisa: kama samaki hawa wangekutwa katika mtumbwi wake yeye, mabwana wangemfanyaje? Hakuna aliyemjibu. Naye hakukasirika; aliinama akaendelea kushona. Swali lile ndilo lililonifanya niandike.

Jibu lake kwa sheria ni jepesi. Tunayo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na Kanuni zake za mwaka 2009. Katika ziwa hili sangara aliye chini ya sentimeta 50 hafai kuvuliwa, wala satu aliye chini ya sentimeta 25. Kokoro limekatazwa, kwa sababu hukokota kila kitu mpaka ufukweni, samaki mkubwa na mdogo pamoja na mazalio yao. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki, ambazo wavuvi huziita timba, nazo zimekatazwa. Mvuvi akutwaye na vitu hivi hutozwa faini au hupelekwa barazani, na wavu wake huchomwa moto mbele ya macho yake. Wote tuliokuwapo mwaka 2018 twakumbuka ile Operesheni Sangara, jinsi nyavu zilivyochomwa kwa wingi na mashua kukamatwa, hata malalamiko ya wavuvi yakafika ndani ya Bunge. Kama kazi ile ilifanywa kwa haki tupu au ilichanganyika na dhuluma, si shabaha yangu leo. Nataka kukumbusha jambo moja tu: mkono uliowasha moto ule ulikuwa mkono wa mtumishi wa serikali.

Mtu asiseme, mimi si ofisa wa uvuvi, mimi ni karani wa ardhi, au mimi ni mwalimu, mambo ya nyavu hayanihusu. Katika macho ya mvuvi wa Igombe au wa Kome hatuna idara mbalimbali. Sisi sote kwake ni serikali. Akiona serikali yachoma wavu wake siku ya Jumanne kwa ajili ya sangara wadogo, kisha siku ya Jumamosi yarudi nyumbani na ndoo ya sangara wadogo wale wale, atasema nini? Atasema kwamba sheria haikuwekwa kwa ajili ya samaki, bali imewekwa kwa ajili ya maskini. Wahenga walikwisha kusema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sasa nieleze lile deni nililolitaja, maana hili la sheria ni nusu yake tu. Nusu ya pili imo katika historia ya samaki mwenyewe.

Sangara si mzaliwa wa ziwa hili. Wazee wetu hawakumjua. Samaki waliowalea ni ngege na mbiru, ningu aliyepanda mitoni wakati wa mvua, mbofu, kambale, kamongo, na furu wa kila rangi wasiohesabika. Karibu na mwaka 1905 nyavu za kisasa za kunasa samaki zilianza kutegwa ziwani, nazo zikapendeza, kwa kuwa ngege alikuwa tele. Lakini baada ya miaka si mingi kila wavu ukawa waleta wachache kuliko zamani. Serikali za wakati ule zikamleta mtaalamu, Michael Graham, ambaye alilichunguza ziwa katika miaka ya 1927 na 1928, na taarifa yake ikapigwa chapa mwaka 1929. Alishauri kwamba matundu ya nyavu yasipungue inchi tano, ili ngege mdogo apite akakue. Tena aliandika maonyo juu ya shauri la kuleta ziwani samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine. Alisema ni hatari kubwa kufanya hivyo pasipo uchunguzi wa kutosha.

Maonyo yale hayakufuatwa. Mwaka 1954 sangara waliotolewa Ziwa Albert walitiwa katika ziwa letu huko Jinja, kimyakimya, kabla ya shauri kukatwa. Mwaka 1960 mtaalamu mwingine, Geoffrey Fryer, aliandika kulipinga jambo hili. Lakini mwaka ule ule sangara alikwisha kuonekana ziwani, na katika miaka ya 1962 na 1963 wengine wakaongezwa, safari hii waziwazi.

Kwa nini aliletwa? Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni biashara: furu ni mdogo, ana miba mingi, hana bei, basi yafaa aletwe samaki mkubwa amle furu ili nyama isiyo na thamani igeuke kuwa nyama yenye thamani. Ya pili, ndugu zangu, ni mchezo. Sangara huweza kufika urefu wa meta mbili na uzito wa kilo 200, naye hupigana kwa nguvu akishikwa na ndoana. Miongoni mwa waliotaka aletwe walikuwamo waliotamani samaki wa namna hiyo kwa ajili ya wavuvi wa kujifurahisha.

Nataka msomaji asimame hapa kidogo. Ziwa hili lina eneo la kilometa za mraba 68,800, na nchi tatu zimelizunguka. Furaha ya watu wachache wenye fito ilihesabiwa kuwa sababu mojawapo ya kuligeuza ziwa zima. Waliokuwa wakivua kwa ajili ya chakula cha watoto huko Ukerewe, Ukara na Kome hawakuulizwa.

Kwa miaka kama 20 mambo yalionekana shwari. Kisha, katika miaka ya 1980, sangara akafurika. Hapa katika ghuba yetu ya Mwanza wataalamu wa Kiholanzi kutoka Leiden walikuwa wamekwisha kuanza kuchunguza furu tangu mwaka 1977, na mambo yalibadilika mbele ya macho yao: furu waliokuwa wengi kuliko samaki wengine wote, baada ya miaka michache wakawa hawapatikani. Katika namna zipatazo 500 za furu wa ziwa hili, yakadiriwa kwamba namna 200 hivi zilipotea au hazikuonekana tena. Ngege naye karibu atoweke katika ziwa kubwa. Waliobaki wamejificha katika viziwa vidogo vya kando. Haki yataka niseme kwamba kwa ngege sangara si mkosaji wa peke yake: nyavu zilikwisha kumpunguza, na yule satu tumvuaye leo, ambaye naye kwa sehemu kubwa ni mgeni wa miaka ile ile ya 1950, alimsonga mahali pake.

Tena haki yataka niseme upande wa pili. Sangara alileta mali. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, samaki wetu wakala safari ya Ulaya kwa ndege, watu wengi wakapata kazi, na hazina ya taifa ikapata fedha za kigeni. Mwananchi wa kawaida, ambaye babu yake alikula ngege mzima, mara nyingi aliachiwa mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki baada ya mnofu kwenda zake. Hata hivyo leo maelfu ya nyumba kandokando ya ziwa hili hula, husomesha na huoza watoto kwa sababu ya samaki yule yule. Hawezi kurudishwa Ziwa Albert. Amekwisha kuwa mwenyeji, na riziki ya watu imefungwa naye.

Basi deni ni hili. Mchezo wetu ulikuwa miongoni mwa sababu zilizolibadilisha ziwa, na gharama yake ililipwa na wasiocheza. Kwa hiyo mtu auchezaye leo hawezi kudai kuwa wa mwisho kushikwa na sheria. Yampasa kuwa wa kwanza kuifuata, kabla ya mvuvi wa kazi, na kwa ukamilifu kuliko yeye; kwani yule akivunja sheria huenda alisukumwa na njaa, bali sisi hatuna njaa ya kuisingizia. Mshahara wetu hutoka mwisho wa mwezi, samaki apatikane asipatikane.

Najua majibu nitakayopewa, maana nimekwisha kuyasikia. Nitayachukua moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza husema: ndoana moja haiwezi kulimaliza ziwa. Hii ni kweli. Mvuto mmoja wa kokoro waweza kutoa samaki wachanga wengi kuliko waliomo katika ndoo zetu zote za mwezi mzima. Lakini sisi watumishi twajua vyema kwamba kosa halipimwi kwa mizani peke yake. Karani akichukua shilingi moja ya serikali, hazina haifilisiki. Hata hivyo akigunduliwa hufukuzwa, na twaona ni sawa, kwa kuwa alikuwa amewekwa pale kuilinda. Tena ndoana ni moja kwa kila mtu, ila watu ni wengi na Jumamosi zina mwisho wa nambari 52 kwa mwaka. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Jibu la pili ni la wale waliosoma. Husema: sangara ni mgeni aliyewala wenyeji, basi kumwua angali mdogo ni kulitendea ziwa wema. Hoja hii ina kiini cha kweli, wala sitaificha. Sangara walipopungua kwa kuvuliwa sana, tangu miaka ya 1990 kuendelea, baadhi ya furu walianza kuonekana tena. Lakini hebu tuifuate hoja hii hata mwisho wake. Kama yafaa ziwa liwe na sangara wengi au wachache, hilo ni shauri la nchi tatu, na nchi tatu zilifanya mkataba mwaka 1994 zikaanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja, kusudi mambo kama haya yaamuliwe kwa pamoja. Kanuni ya sentimeta 50 iliwekwa kwa sababu sangara asiyefika hapo kwa kawaida hajazaa hata mara moja, na jike hukawia zaidi kuliko dume. Mtu akaaye ndani ya mashua akajiamulia peke yake ni samaki gani afe na ni samaki gani aishi, ati kwa faida ya ziwa, afanya lile lile walilofanya wale wa mwaka 1954. Nao walidhani wanatenda wema.

Jibu la tatu husema: samaki akirudishwa hufa tu, basi heri aliwe. Hapa mchezaji anena juu ya kazi yake mwenyewe, na yampasa aijue. Ni kweli kwamba sangara akivutwa kwa haraka kutoka kilindini, ule mfuko wa hewa ulio tumboni mwake huvimba, naye akitupwa majini huelea na kufa. Dawa yake ni kutokumtafuta kilindini. Avuliwe penye maji haba, karibu na miamba, asikawizwe, mikono ilowanishwe kabla ya kumshika, asitundikwe kwa taya ili apigwe picha, wala asitupwe kama jiwe. Ashikiliwe ndani ya maji mpaka apate nguvu ya kwenda mwenyewe. Kile kijino cha ndoana kinachozuia isichomoke, kibonyezwe kwa koleo kabla ya safari, na ndoana itatoka bila kuchana. Kama samaki ameimeza mpaka tumboni, mshipi ukatwe karibu na kinywa. Asiyetaka kujifunza haya asiseme kwamba samaki hufa. Aseme kwamba yeye huwaua.

Baada ya kujibu, sasa nitoe shauri langu. Halihitaji fedha nyingi, wala hatuna haja ya kungoja waraka kutoka juu.

Shauri la kwanza: kila mmoja wetu, kabla ya kushika ufito, aende kwa ofisa uvuvi wa wilaya akaulize leseni au kibali kinachompasa, akakilipie, na atembee nacho. Tusijitangulizie heshima ya kitambulisho cha kazi. Tukiingia mwaloni, ndoo zetu zifunguliwe na kutazamwa na kikundi cha ulinzi wa uvuvi cha pale, kile kijulikanacho kwa herufi BMU, kama zitazamwavyo za watu wengine. Najua wengine wataona hii ni aibu, kukaguliwa na vijana wa ufukweni. Mimi naona aibu iko katika kukataa.

Shauri la pili: kila mashua iwe na kijiti cha kipimo chenye alama mbili, moja kwenye sentimeta 25 kwa ajili ya satu, na moja kwenye sentimeta 50 kwa ajili ya sangara. Asiyefika alama arudi majini papo hapo. Tena hata yule aliyefika alama, achukuliwe kwa kadiri ya chungu cha nyumbani, wala asiuzwe. Mtu mwenye mshahara akiuza samaki wa mchezo ampunguzia bei mvuvi ambaye hana mshahara.

Shauri la tatu ni juu ya chambo. Wako wapendao kutumia furu walio hai. Yafaa wakumbuke kwamba furu wa mawe, ambao wavuvi wa hapa huwaita mbipi, wengine wao hupatikana katika visiwa na miamba michache tu ya ghuba hii, wala hawapo mahali pengine po pote duniani. Kuwatoa kwenye mwamba mmoja ili kuwatundika kwenye ndoana ni hasara isiyorudishika, na kuwahamisha kutoka mwamba huu hata ule ni kuvuruga yale yaliyosalia. Na samaki hai wa ziwa jingine, wa mto mwingine au wa bwawa, asiletwe kabisa, hata awe mdogo namna gani, hata nia iwe njema namna gani. Somo hilo tulikwisha kulilipia karo.

Shauri la nne ndilo nilipendalo kuliko yote, kwa sababu ni la kazi yetu sisi. Tuwe na daftari. Katika kila safari iandikwe tarehe, mahali, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, idadi ya ndoana, aina ya kila samaki, urefu wake, na kama alirudishwa au alichukuliwa. Siku ya kukosa nayo iandikwe, tena kwa wino ule ule, maana mtu akiandika siku za kupata peke yake daftari lake ni majisifu matupu. Mwisho wa kila miezi mitatu nakala ipelekwe kwa ofisa uvuvi, na nyingine kwa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, ambayo ina kituo chake hapa hapa Mwanza.

Mtu ataniuliza, daftari la wachezaji lafaa nini? Namkumbusha kwamba habari ya kupungua kwa ngege tunaijua leo kwa sababu wako watu waliokaa wakahesabu, katika kila wavu, ni samaki wangapi walionaswa, mwaka huu na mwaka ule. Bila hesabu ile tungebaki na maneno ya wazee tu, na maneno ya wazee, ingawa ni ya kweli, hayakubaliwi upesi na wenye mamlaka. Samaki wa biashara huhesabiwa mialoni mashua zinaposhusha. Wa kwetu hupita pembeni, kutoka jabalini hata jikoni, na hakuna ajuaye. Tena ndoana hufika penye mawe ambapo wavu huraruka, kwa hiyo huweza kuona yale ambayo wavu hauoni. Sisi ambao riziki yetu ni kuandika, tunaoweka kumbukumbu za ardhi, za kodi, za wagonjwa na za watoto wa shule, itakuwa ajabu sana tukishindwa kuweka kumbukumbu za furaha yetu wenyewe.

Labda itasemwa kwamba nimeufanya mchezo uwe mzito kama ofisi, na kwamba mtu aliyekimbia mafaili siku ya Ijumaa nimemfuata nayo hata ziwani. Nakubali kwamba kupima na kuandika huondoa dakika chache katika saa za starehe. Lakini mwulize mtu aliyekwisha kujaribu. Mwenye daftari hulijua ziwa kuliko asiye nalo. Baada ya mwaka mmoja ajua satu wa Luchelele hupenda saa gani, ajua upepo upi huwaleta sangara karibu na miamba na upi huwaondoa, na akisimulia habari zake Jumatatu hakuna awezaye kumbishia. Furaha yake haikupungua, imepata mizizi.

Nalo jambo kubwa zaidi ni hili. Siku moja ofisa kijana wa uvuvi atasimama Igombe au Kayenze mbele ya kijana mwenzake mwenye mtumbwi, amwambie, mrudishe huyo, hajafika kipimo. Neno lile litakuwa na nguvu au litakuwa upuuzi kwa kadiri ya yale ambayo kijana yule ameyaona kwa macho yake siku ya Jumamosi. Akiwa ameona wakubwa wakipima, wakirudisha, wakifunguliwa ndoo zao na kutazamwa kama yeye, ataguna, lakini atatii. Akiwa ameona kinyume chake, hakuna bunduki wala moto utakaomfanya aiheshimu sheria. Ataiogopa tu, na mwenye kuogopa hungoja usiku.

Basi nawaomba wenzetu wanaokutana kila mwisho wa juma kwa ajili ya mchezo huu walijadili jambo hili katika mkutano wao ujao, wachague mtu wa kutunza daftari, na wakubaliane kijiti cha kipimo kiwe sharti la kupanda mashua. Nao walio na shauri jingine lililo bora kuliko langu, au waonao kwamba nimewaonea, nawaomba waandike katika kurasa hizi hizi ili tushauriane kama ndugu. Ziwa ni letu sote, na wa kwanza kuambiwa neno hilo na tuwe sisi tunaowaambia wengine.